Largo Niliyoikimbiza Makaburini

"Baba, mnamkimbiza wapi mwanangu?"

Mama mfiwa aliniuliza mimi, maana mkono uliokuwa hewani ukiongoza kwaya ulikuwa wangu. Wanaume waliobeba jeneza la binti yake walijikuta wanafuata wimbo wetu, nusu wanatembea, nusu wanakimbia, jeneza likalala upande. Nyuma yao mtu akacheka. Nikashusha mkono. Kwaya haikunyamaza, ilikwenda hadi mstari wa mwisho, mbio vilevile.

Wimbo ulikuwa mpya. Juu ya karatasi ya nota paliandikwa Largo. Wiki nzima mwalimu wa kwaya, mtu wa kuja aliyefundisha shule ya msingi, alitukimbiza nao ili tushike nota upesi. Alikuwa na kwaya nyingine Ufukoni inamsubiri. Nikamwuliza lile neno maana yake nini. Mimi kibarua wa bandarini, darasa la nne. Akajibu mbele ya akina mama wa sauti ya kwanza: "Hayo ya Waitaliano, mzee wa magunia. Wewe angalia mkono wangu." Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikijicheka mwenyewe.

Siku ya maziko mkono wenyewe haukuja. Mwalimu alikuwa Kilambo, anapiga kinanda harusini. Wenzangu wakanisukuma: "Kaka, wewe ndiye mkongwe hapa, tuanzishie bwana!" Moyoni niliona mwendo ule hauendani na msiba, lakini mimi nani nibadili wimbo wa mwalimu? Nikaanzisha kama tulivyofundishwa.

Baadaye mtawa mmoja alinieleza: Andante ni mwendo wa mtu anayetembea zake, Allegro ni mchangamfu, Largo ni polepole sana, sauti iachwe itanuke. Dakika mbili tu, nimeelewa. Katibu wa kwaya, karani wa ofisi, alikuwa anaijua maana hiyo siku zote. Makaburini alisimama kwenye besi, akaimba mbio nasi. Nilipombana akasema, "Ningekusahihisha mbele za watu, ungejisikiaje?"

Miaka imepita, na mama yule nikimwona sokoni nabadili njia. Mkono ulikuwa wangu, sikatai. Lakini mwalimu, uko hai, bado unafundisha. Mama yuko Rahaleo, mlango wake unaujua. Nenda ukamwambie kwa nini ulininyima neno moja. Na katibu afuatane nawe, amtazame usoni, aseme siku ile alinyamaza kwa faida ya nani.