Dakika Moja kwa Kila Mteja

Nilikuwa nauza kwenye duka la dawa za mifugo hapa Karatu, mwaka ambao bosi wangu alirudi na mambo ya semina. Alibandika karatasi ukutani: tabasamu, muulize mteja anataka nini, mhudumie ndani ya dakika moja. Nikayashika maneno yale kama katekisimu.

Siku ya mnada akaingia mzee wa Kimaasai, ameteremka kutoka Ngorongoro. Alisimama mbele ya kaunta, akaegemea fimbo yake. Nikatabasamu.

"Shikamoo mzee. Unataka dawa gani?"

Akaitikia marahaba, akaniangalia kidogo, akatoka. Nikasema moyoni, huyo naye ana lake.

Aliingia duka la jirani, la mama mmoja ambaye rafu zake zilikuwa na vumbi jingi kuliko dawa. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nilisikia yote. Mama alimpa kiti. Akamuuliza habari za boma, za watoto, mvua imefika wapi, ndama wanaendeleaje. Mzee naye akamuuliza mama ya kwake, mpaka mahindi ya shambani kwake Ganako. Dawa haikutajwa. Nikacheka peke yangu: biashara gani hiyo?

Mwishowe mama akaja kwangu. Mzee alitaka dawa ya kupe, na dukani kwa mama ilikuwa imeisha. Nilimuuzia chupa mbili huku natabasamu. Haikuzidi dakika moja.