Walipochelewa Watu wa Pate

Nimekasirika tangu siku tuliyoutoa mwili wa rafiki yangu hapa Amu, mji wa Lamu, na sitaki kuambiwa nimwachie Mungu. Mungu hakuwa kwenye kamati ya mazishi. Tulikuwa sisi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa Pate, mtu wa bara kama mimi, Mkristo pekee mtaani kwake. Kila Jumapili alikuwa nasi kanisani Amu. Anayeijua njia ile atanielewa: mashua hupita mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda maji yakijaa tu, na maji hayajui ibada inaanza saa ngapi. Yakimkatalia Jumapili, alivuka Jumamosi akalala kwetu, akala chapati za mke wangu na kuzikosoa. Alifika kanisani suruali imelowa hadi magotini, akaketi mbele, kisha akawageukia waliochelewa kutoka nyumba za jirani na kuwakazia macho. Hakuwa mtu rahisi. Tuligombana mara nyingi, na nilimpenda sana.

Alipewa uhamisho akaukataa. Kule Pate mtu akifiwa, masomo yakiisha tu alikwenda. Alitia bega lake chini ya jeneza pamoja na wenzake mpaka makaburini, akasimama nyuma kimya wakati wao wakisoma dua.

"Wananilisha futari mwezi mzima na mimi sifungi," aliniambia. "Nitashindwaje kuwabebea mtu wao?"

Alipofariki hospitalini hapa Amu, mzee jirani yake alinipigia simu.

"Bwana, yule ametubebea maiti zetu. Na sisi twataka kumbeba yeye. Tungojeni, twaja."

Hawakuomba zaidi ya hapo. Mimi nilifahamu ni kumbeba kutoka kanisani hadi gatini, vichochoro vichache tu; sikuwaza kumwambia kwamba atazikwa kwao bara. Nikamweleza mwenyekiti wa kamati, afisa mgeni hapa kisiwani, naye akasema "sawa", ile sawa ya kumfukuza mtu.

Siku ya ibada ya kumuaga, maji yalichelewa kujaa. Mashua yao ikakwama Mkanda. Tulikuwa katikati ya hotuba simu yangu ilipotetemeka, nikatoka nje kupokea.

"Mai ndiyo yajaa sasa," mzee alisema. "Tuko ndiani. Nusu saa, Bwana, tutakuwa gatini."

Nikarudi ndani. Aliyekuwa akihutubu ni mheshimiwa mmoja ambaye hakuwahi hata kusalimiana na marehemu. Alikuwa amemaliza habari za barabara, sasa yuko kwenye ajira za vijana. Jeneza liko mbele yake, yeye anatuomba tupige makofi! Nikamwinamia mwenyekiti nikamnong'oneza: tuwape nusu saa. Akanionyesha saa yake. Gari la kubeba mwili lilikuwa limeshafika Mokowe, ng'ambo, na lilipaswa kuondoka na msafara wa magari unaolindwa na polisi.

"Watapata picha kwenye grupu," alisema.

"Basi mheshimiwa na aketi!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Watu wakageuka. Mke wangu akanivuta shati. Mheshimiwa akatabasamu, akaendelea.

Alipomaliza, kila kitu kikawa mbio. Nilishika jeneza upande wa mbele nikatembea polepole kwa makusudi, nikitazama mwisho wa kila kichochoro kama nitaona kofia zao. Kijana nyuma yangu akasema, "Mzee, songa basi, tunachelewa." Nikasonga. Boti likamchukua kwenda Mokowe. Wakaniita nipande, nikakataa.

Hazikupita dakika nyingi mashua ya Pate ikafika. Wanaume kwa kanzu safi, wanawake wamekaa nyuma kwa mabuibui yao, na vijana wawili wana majembe. Walikuja pia kuchimba. Mzee akashuka kwanza, akanipa mkono wa pole, akautazama mkono wangu mwingine kana kwamba ningemwelekeza njia.

"Yuwapi? Twendeni tukamzike."

"Ameondoka, mzee wangu. Amepelekwa kwao bara."

"Watamzika yeo?"

"La. Jumamosi ya wiki ijayo." Na badala ya kunyamaza nikaanza kumweleza: kuna mikutano, kuna ndugu wanaotoka mbali, kuna hema la kutafuta. Nilijisikia nikiongea kama mwenyekiti. Wale vijana walishusha majembe chini.

Mzee alitazama upande wa Mokowe, boti limeshapotea. Kwao, mtu akifa asubuhi, jioni huwa amekwisha kulala kaburini.

"Wiki ijayo," alisema. "Siku zote hizo munazo, Bwana, na nusu saa ya kutungoja hamukuwa nayo?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.