Mkebe wa Pembe ya Kushoto

Nyinyi wenzangu mliokulia kambi za majani chai upande wa Kericho, bila shaka mnaukumbuka ukumbi wetu: sakafu ya saruji, mabati yanayopigwa na mvua kila alasiri, na harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani. Humo ndimo tulimochezea boling. Mzee Koech, aliyefagia klabu ya mameneja walikocheza mchezo huo, ndiye aliyetufundisha na kutuchongea mpira wa mbao. Tulijaza udongo mikebe kumi ya mafuta ya kupikia, tukaipanga pembetatu ili mpira uiangushe. Unaviringisha mara ya kwanza, kisha mara ya pili unamalizia iliyobaki. Hakukuwa na kompyuta ya kukuhesabia kama ya watoto wa leo, ambao hupiga selfi kabla hawajapiga chochote.

Mimi nilikuwa mtu wa shoto, na kwetu hilo lilikuwa jambo la kufichwa. Nyanya, mamake baba, alikuwa akiuliza mbele ya wageni, "Msichana kama huyu atapea wazee chakula na mkono gani?" Mama aliwahi kunifunga mkono huo kwa kipande cha leso wiki nzima. Basi nilikula na kusalimu kwa wa kulia, nikiogopa kujisahau. Ni ukumbini tu, wakubwa wakiwa shambani, nilipouachilia ule wa kushoto.

Shida yangu ilikuwa mkebe wa nyuma kabisa, pembe ya kushoto. Wenzangu walisumbuliwa na ule wa pembe ya kulia. Mpira wangu ulipenda kupinda kwenda kulia, ukaukwepa mkebe dakika ya mwisho. Dawa ilikuwa moja: kusimama kulia kabisa na kuuvusha mpira kimshazari, bila kuzungusha kiganja. Lakini kulia kabisa ndiko kulikokuwa na mlango, na mlangoni ndipo walipopita akina mama wakitoka kupima majani.

Jumamosi moja mimi na rafiki yangu Cherono tulibakiza mkebe huo mmoja tu ili tuwashinde wavulana waliotucheka muhula mzima. Zamu ilikuwa yangu.

"Enda kwa mlango," Cherono aliniambia. "Hakuna mtu anakuja."

Nikasimama mlangoni, nikauachilia mpira. Ulikata sakafu yote, mkebe ukaanguka, Cherono akaanza kurukaruka.

Nilipogeuka, mama alikuwa nyuma yangu, kikapu mgongoni, aproni yake ya plastiki ikichuruzika maji. Nilingoja kofi. Badala yake alinivuta, akaufunika mkono wangu kwa aproni, akachungulia barabarani.

"Nani amekuona?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Nyanyako amepita hapa?"

Nikatikisa kichwa. Bado aliushikilia mkono wangu chini ya aproni, akachungulia tena. Nilijua hapo kwamba mama naye alikuwa akiogopa, na hilo lilinitisha kuliko kofi lolote. Sikucheza tena.

Siku hizi mashine ndizo zinazochuna majani. Binti yangu anafanya kila kitu kwa kushoto, hata boling ya mjini, na akikosa pini ya pembeni anacheka tu, anaagiza chipsi. Mama yangu akitutembelea humtazama akiandika kazi ya shule hadi chai inampoa mkononi. Mimi huandika kwa mkono wa kulia, na watu huusifu mwandiko wangu. Ule wangu mwenyewe sijawahi kuuona.