Shuka Mbili za Opal

Shemeji yangu Verle Hotchkin aliandika angani karibu maisha yake yote, wala hakuwahi kusoma vizuri hata neno moja aliloliandika. Msicheke. Anayeandika kwa moshi yumo ndani ya moshi wenyewe, na anachokiona ni ukungu tu. Wasomaji ni sisi tulio chini.

Kazi hiyo waliileta New York marubani wa Kiingereza baada ya vile Vita vya Kwanza vya Dunia, watu wakasimama barabarani midomo wazi. Verle wakati huo alikuwa kijana wa shamba la viazi hapa kwetu Long Island. Akaona, akasema basi, viazi kwaherini. Alijifunza kumwaga mafuta mepesi kwenye bomba la kutolea moshi likiwa la moto, yageuke moshi mweupe mzito. Alijifunza kuufungua na kuufunga huku akihesabu kwa sauti, maana huko juu hakuna rula. Hupanda juu kabisa kwenye baridi, hewa ilikotulia, akazilaza herufi kana kwamba anazichora mezani, tena kinyume, kushoto kuwe kulia, kwa sababu msomaji yuko chini ya meza.

Sasa nani amwambie kama imetoka sawa? Dada yangu Opal, mkewe. Alisimama kwenye uwanja wa ndege, jua mgongoni, uso kaskazini, na kapu la shuka za kitandani. Neno likiisha, Verle hushuka kidogo kuchungulia majani alikozitandaza. Shuka moja: imesomeka. Shuka mbili: imepinda, rudia. Na dada yangu hakuwa na huruma, loo! Mara ngapi nimetoka jikoni kwangu pale uwanjani, mayai yanaungua, nikamsihi: "Dada, imesomeka bwana, mwache mwenzio ashuke ale!"

"Sabuni gani hiyo ina kiuno?" ananijibu. "Lete shuka ya pili hapa."

Basi Verle aliandika sabuni, bia, matairi na sigara. Jina la Opal hakuligusa. Rubani aliyemfundisha kazi alimtia hofu: moshi hufutika, usimwandike umpendaye. Rubani huyo mwenyewe aliwahi kumwandika mchumba wake, na baridi ilipoingia homa ikamchukua yule binti. Verle aliliamini hilo kuliko kanisa. Kila siku yake ya kuzaliwa Opal alimtania: "Mume wangu, hata tairi limenishinda?" Verle anacheka, anambusu, anabadili maneno. Lakini mimi nilimjua dada yangu. Utani ule ulikuwa na kidonda ndani yake, na kidonda hicho hakikupona.

Opal alipougua mapafu wakamlaza hospitali ya mlimani, kaskazini mwa uwanja. Siku daktari aliponivuta pembeni akaniambia hatafika Jumapili, nilishuka moja kwa moja hadi banda la ndege. Nikamkuta Verle anafuta kioo ambacho kilikuwa safi tayari.

"Shemeji, kamwandike."

"Nettie, siwezi. Unajua sababu."

"Unaogopa nini? Afe? Si ndiyo anakufa, wewe mwanamume! Unamlinda na kitu gani tena?"

Nilimpigia kelele mpaka mafundi wakaacha kazi. Verle akakaa juu ya pipa la mafuta, akalia, mabega yanatikisika. Sikumbembeleza. Alipomaliza akavaa koti lake la ngozi, akaniambia nimkimbilie Opal nifungue pazia.

Anga lilikuwa tupu, hakuna wingu. Mstari wa kwanza ulipotokea dada alinishika mkono akanifinya. Halafu nikaona, ole wetu! Herufi zimesimama kichwa chini. Mtu mzima amezoea kumwandikia mwanamke aliyesimama uwanjani anatazama kaskazini, na mkono ukaenda na mazoea. Dirisha la Opal linatazama kusini.

"Mjinga wangu wee," dada akasema, akacheka hadi kikohozi kikamkamata. "Nigeuzeni."

Mimi na muuguzi tukamgeuza, kichwa tukakilaza upande wa dirisha, akatazama juu kwa nyuma kama watoto wanavyolala nyasini. Hapo jina likamkalia sawa. Akalisoma polepole, midomo inacheza, machozi yakamshukia kwenye nywele. Nikadhani sasa ameridhika.

"Herufi ya mwisho imepinda," akasema. "Na amenining'iniza miguu juu. Tundika mbili."

"Dada! Hata leo?"

"Hata leo. Hilo ni jina langu, Nettie, si sabuni."

Muuguzi akaleta shuka, tukazining'iniza dirishani mbili. Ndege ikashuka, ikapita mbele yetu, ikaziona. Najua alicheka mle ndani, maana namjua. Akapanda tena, safari hii akazunguka upande wa pili, aliandikie dirisha.

"Anaanza, dada. Tukurudishe ulivyokuwa, uone vizuri."

Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu, lakini haukunishika tena. Muuguzi akamwekea vidole shingoni, akanitazama, akatikisa kichwa. Na kule nje jina la dada yangu likawa linatoka, herufi moja baada ya nyingine, limenyooka, limesimama kwa miguu yake. Nimesoma maandishi ya Verle miaka yote hiyo, na hakuwahi kuandika vile.

Akashuka, akazunguka, anangoja. Akazunguka tena. Juu yake upepo ulikuwa umeshaanza kulichana lile jina, naye haondoki, anachungulia dirisha.

Ningefanyaje? Nilivuta shuka moja ndani, nikaacha moja.

Verle akaiona. Akatikisa mabawa kulia na kushoto kwa furaha, akaenda kutua. Ile shuka niliyoivuta ndani ndiyo tuliyomfunika.