Aliyeusema mlenda wa mama mkwe ni mimi

…Na ndiyo maana jana, kwenye mjadala wetu hapa, niliungana na mliosema watu waachwe wafiche majina yao mtandaoni. Leo naona aibu, jamani.

Mnajua bado ni bibi harusi mbichi. Yohana wangu nampenda mpaka nacheka peke yangu jikoni!

Juzi mama yake alikuja kwetu mjini, Nkuhungu, kutoka kwake kijijini Mlali, na mlenda mkavu, ile mboga ya majani inayoteleza, alioutwanga kwa mikono yake.

Basi jana, kwenye ukurasa wa wanawake, kwa jina la bandia, nikaandika: "Mama mkwe kaleta mlenda, nyumba ya maharusi inanuka zizi!"

Watu wakacheka. Nami nikajiona mjanja.

Leo mchana tunakula, Yohana kashika simu. "Mke wangu, sikia kituko hiki kinachosambaa!"

Akayasoma maneno yangu yote. Kwa sauti. Mbele ya mama.

Nikalirudisha tonge kwenye sahani.

Mama hakucheka. "Maskini, binti wa watu anaogopa kusema. Huyu wangu angeniambia tu."

Kisha akaniongezea mlenda. Na mimi, bila haya: "Asante mama, mtamu."

Ameondoka na basi la jioni huku akinisifu.

Kwa hiyo naandika kwa jina langu: yule ni mimi. Nichekeni, nisemeni, nimestahili.

Yohana, mpenzi, ukisoma hapa usimpigie mama simu. Kabla mwezi haujaisha nitakwenda Mlali, nimwambie mwenyewe.