Chupa ya Maji Baridi

Mie kukaa kitako kwenye nyumba za watu wenye vitu siwezi. Niweke penye makochi ya kuzama, kabati la vioo na televisheni ukutani, utaniona nimekaa ukingoni mwa kiti, mguu mmoja umeshaelekea mlangoni. Wajukuu hunicheka, wanasema bibi amekalia upupu. Na wacheke wapendavyo. Hawakuiona nyumba ya dada yangu pale Palma, kaskazini ya Msumbiji, miaka ile ya vita na Mreno.

Sisi ni watu wa Mute, kijiji cha karibu na Palma. Tulikuwa wakulima wa mhogo na korosho, mama, dada na mie, baba alishatangulia. Dada akaolewa Palma na mfanyabiashara ambaye ukoo wake ulitoka upande wa Mtwara, mtu wa duka. Vita vilipopamba moto, sisi wa shamba tulizidi kukonda na shemeji akazidi kunona. Alikuwa akipeleka samaki, nazi na kuku kambini kwa askari wa Kireno, na kila afisa aliyehamishwa alimwachia kitu kwa bei ya kutupa. Ilianza redio, kikafuata kitanda cha springi, yakaja makochi. Mwisho wa yote ikaja jelera.

Jelera ndivyo tulivyoliita friji, kwa Kireno chetu cha kuokoteza. Ilikuwa nyeupe, imempita dada urefu, na chini yake uliwaka utambi wa mafuta ya taa. Moto chini, baridi juu! Mama alipooneshwa alisema astaghfirullah, akatoka nje kupunga upepo.

Basi jelera ikataka chupa. Chupa zikataka bilauri, maana nani atakunywa maji ya kizungu kwa kata ya kifuu? Bilauri zikataka kabati, kabati likataka vitambaa vya kufuma, na vyote pamoja vikataka kufuli. Halafu yakaja mafuta ya taa yenyewe. Serikali iliyabana, ikiogopa yasiwafikie wapiganaji wetu, wale tuliowaita watu wa mwituni. Mwenye kuyapata ni mwenye kupendwa na kambi, na shemeji alipendwa kwa sababu askari na masipai, yaani polisi weusi wa serikali, walikuwa wakija kwake kila siku kunywa maji. Wanavua viatu, wananyoosha miguu kwenye makochi, wanaagiza. Ukiuliza nyumba ile ni ya nani, ungebaki unakuna kichwa.

Dada yangu yule! Msichana aliyekuwa akitwanga huku anaimba mpaka majirani wanaitikia, akawa mtu wa kuongea nawe huku macho yanakagua bilauri. Usiku anaamka kuangalia utambi usije ukatoa moshi ukachafua ukuta. Mchana hatoki, kwa kuwa akitoka wageni watafungua mlango wa jelera ovyo, baridi itapotea. Nilikuwa nikimwambia, "Dada, hicho kitu umekinunua wewe au kimekununua chenyewe?" Ananijibu nina wivu.

Na wivu nilikuwa nao, wallahi, kwa nini nifiche? Siku ya kwanza aliponipa maji yale, meno yaliniuma mpaka kisogoni, na nikataka tena. Niliporudi Mute nikanywa ya mtungini nikakunja uso. Nilikwenda Palma bila shughuli, nikarudi bila raha, nikakaa siku chache nikatafuta sababu ya kwenda tena. Nikiwa kwa dada nachukia, nikiwa kwetu natamani. 

Sasa nisikilizeni vizuri, maana shida yote iko kwenye neno moja. Kwetu maji baridi hayakuwa maji ya kwenye jelera. Sisi wa pwani ile maji yetu ni mawili tu, maji chumvi ya bahari, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kisima na ya mto. Hata yakiwa yameshinda juani, ni maji baridi tu. Na nyumbani kwetu neno lile lilikuwa na kazi zaidi. Bibi, mzaa mama, alikuwa akilima mpunga ukingoni mwa Ruvuma. Mama akitaka kutupeleka kwake alikuwa akifunga furushi na kusema, "Haya, twendeni tukanywe maji baridi." Hapo tunajua tunakwenda mtoni. Na aliyekuwa akirukaruka kuliko wote ni dada.

Ikaja habari kwamba sisi wa Mute tutaswagwa wote tuingizwe kwenye aldeamentu, kijiji cha kuzungushiwa seng'enge, na askari langoni, ukienda shamba unaaga, ukirudi unaonesha uso. Watu wakaanza kupotea. Unaamka asubuhi unakuta nyumba ya jirani wazi, chungu bado kiko jikoni. Walikuwa wakipita Pundanhar kwenda kuvuka mto, kuingia Tanganyika. Mama naye akaamua. Watu wa mwituni walishakubali kutupitisha, ila mama alikuwa na sharti lake moja: mwanawe hamwachi katikati ya askari.

Akanituma mie. Nilipata karatasi ya kupita ya siku ile tu, kwenda na kurudi. "Mwambie kesho tunakwenda kunywa maji baridi," mama akasema. "Atajua. Usiongeze neno, masikio yako kila mahali."

Nilifika mchana. Sipai mmoja mnene alikuwa amelala nusu kwenye kochi, na kando yake askari wa Kireno anapuliza moshi. Dada kasimama mbele ya jelera, ufunguo kiunoni.  Nikasalimu, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Dada, mama anakusalimu. Anasema kesho tunakwenda kunywa maji baridi."

Akacheka! Akawageukia wale wageni, akawaambia, "Mnamsikia mama yangu? Alikuwa akikimbia, leo kajua utamu." Akafungua jelera, akatoa chupa ya kijani, akaifunga kwa kitambaa kilicholowa maji. "Mpelekee. Hana haja ya kuja mpaka huku na miguu yake ile."

 Nikasema, "Si hayo, dada. Njoo uani nikwambie kitu."

"Sema hapahapa. Nikitoka hawa watafunguafungua."

Nikamsogelea kama mtu anayetaka kumrekebishia kanga, nikamnong'oneza, "Mto. Mama anasema mto."

"Mto?" akasema kwa sauti mpaka sipai akainua kichwa. "Si ungesema! Mito ninayo ya pamba, laini, imekuja juzi." Akapiga mbio chumbani, akarudi na mto wa kulalia, mweupe, una maua ya kudarizi pembeni. Akanitwika. "Mwambie alale vizuri. Na chupa airudishe, hizi siku hizi hazipatikani."

Yarabi! Nilimtazama dada yangu machoni. Nilimkanyaga mguu. Alichofanya ni kusema, "Angalia, utavunja bilauri." Sipai alikuwa ameshakaa wima, ananitazama na chupa yangu na mto wangu kichwani. Ningesema neno jingine tungeozea jela sote watatu. Nikaaga. Njia nzima nilikuwa nikilia kwa hasira, chupa inanilowesha ubavu.

Mama aliishika chupa kwa mikono miwili. "Kasema nini?"

"Kasema chupa irudi."

"Na mto?"

"Nilimwambia mto, akanipa mto!" Nikautupa chini. "Kasikia, mama. Hataki. Ana makochi yake."

Mama akaokota ule mto, akaukung'uta vumbi. "Hajasikia," akasema. "Nyumba ile ina makelele. Hajasikia, basi."

Kesho yake tukatoka. Kwenye njia panda mama alikataa kuendelea. Alikaa juu ya furushi, uso ameuelekeza Palma, na kila alipotokea mtu kwa mbali aliinuka kumwangalia. Kijana aliyekuwa akituongoza, mwenye bunduki, alimbembeleza, kisha akamfokea, kisha akaja kuniambia mie nimnyanyue mama yangu la sivyo atatuacha. Nikamnyanyua. Mbele huko watoto wa watu walilia kiu, na mama akafungua chupa akawagawia. Maji yenyewe yalikuwa yameshakuwa ya moto kama mkojo. Tulipofika Ruvuma aliisuuza ile chupa vizuri, akaifunga kwenye kanga.

Tukaishi ng'ambo miaka yote iliyobaki ya vita, kijijini kwa watu, tukilima ardhi ya kupewa. Chupa mama aliiweka juu ya dirisha, hakuna aliyeruhusiwa kuitia hata mafuta ya nazi. "Ina mwenyewe," alikuwa akisema. Mto aliulalia. Habari za dada zilitufikia vipandevipande. Tulisikia kwamba mafuta ya taa yalipotea kambini, na wa kwanza kushukiwa akawa shemeji, kwa kuwa nani mwingine alikuwa na mafuta? Wakaja kumchukua walewale waliokuwa wakinywa maji yake. Hakurudi. Mama aliposikia alilia, kisha akasema, "Sasa atakuja." Akawa anatazama njia. Dada hakuja, aliyekuja ni ugonjwa wa kifua, na mama akafa kichwa chake kikiwa juu ya yale maua ya kudarizi. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa la chupa. "Usimrudishie tupu."

Kwetu chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Bakuli likija na mchuzi hurudi na ndizi, au hata na fungu la majani ya mhogo. Vita vilipokwisha na watu wakaanza kurudi, nilisimama mtoni, maji yakinifika magotini, nikaijaza.

Nilimkuta dada amekaa mlangoni. Makochi yalikuwa yameshatoka matumbo. Jelera ipo palepale, imeliwa na kutu ya chumvi, utambi umekauka, ndani ameweka nguo na unga. Ufunguo bado kiunoni. Aliipokea ile chupa, akaifuta kwa kanga, akaigeuza kutafuta ufa, kabla hata hajaniuliza hali. Nilitaka kumzaba kofi.

"Hii ni ile yangu," akasema. "Ina nini?"

"Maji baridi."

Akanywa funda. "Mbona si ya ba..." Hapo akakwama. Akanywa tena, polepole, kama anayetafuta kitu kinywani. Uso ulianza kumbadilika.

"Ya mtoni haya," akasema.

"Ndiyo hayohayo mama aliyokuitia."

Akaniangalia, kisha akaangalia nyuma yangu, barabarani. Akainuka akachungulia pembeni ya nyumba. Akaanza kujifunga kanga upya, harakaharaka, kama mtu aliyekutwa hajajitayarisha.

"Mama yuko nyuma?" akauliza. "Umemwacha wapi? Miguu yake ile, kwa nini umemwacha nyuma?"

"Dada," nikasema, "mama angekuwa nyuma, hiyo chupa angekubali uipokee kwangu?"

Akabaki ameishika kanga mkononi. Kisha akashuka chini, na mie nikakaa kitako sakafuni pamoja naye.