Dawa Nyekundu na Ini Langu

Wanawake walioanza matibabu ya kansa ya titi pamoja nami, hapa Kindu, walitapika siku mbili tatu, kisha wakarudi sokoni. Mimi nilizidi kudidimia. Dawa ile nyekundu ya kansa ilikwisha kuingia kwenye mshipa zamani, lakini mdomo ulijaa vidonda, hata uji ulinichoma kama pilipili. Halafu macho yakaanza kuwa ya manjano.

Mume wangu alinirudisha hospitali kwa pikipiki, amenifunga mgongoni mwake kwa kitenge nisianguke.

Daktari alinibonyeza tumbo, akanitazama kwa ekografi, ile mashine inayoonyesha ndani ya tumbo. Akauliza, "Mama, wakati wa vita mulikimbilia wapi?"

Nilishangaa. Vita na titi langu, wapi na wapi? Nikamweleza hata hivyo. Tulikimbilia msituni, upande wa Kalima. Shamba hatukuwa nalo, tukaishi kwa kusafisha kasiterite, yale mawe meusi ya bati. Nilisimama kijitoni kutwa, maji mapajani, mtoto mgongoni, nikitikisa karai. Tulioga mle mle na kufua mle mle. Nilipoharisha damu, mama mkwe alinichemshia majani machungu, tukasema ni tumbo la njaa. Tuliogopa bunduki. Maji nani angeyaogopa?

"Njo ile maji ilikuharibu," daktari alisema. "Iko na vidudu vya bilhazia, ile kichocho ya tumbo, vinaingia kwa ngozi. Mayai yake yameacha makovu ndani ya ini. Na ini njo inavunja hii dawa na kuitoa. Lako limechoka, Mama. Dawa inakawia mu damu, inakuunguza."

Alinipa vidonge vya kuua vidudu hivyo. Makovu, alisema, hayana kidonge. Kisha akasema dawa ya kansa itapunguzwa.

Mume wangu akasimama. "Dokta, ukipunguza, kansa si itapata nguvu?"

"Nikimupa yote, dawa itamuua mbele ya kansa kumuua."

"Na hiyo kidogo itatosha?"

"Sijui, Baba. Tutaendelea kupima."

Tangu hapo sikuwa na raha. Nikitapika, nilisema ini limeshindwa. Nisipotapika, nilisema dawa ni haba, uvimbe unanila taratibu. Nilijipapasa titi kila mara, hadi ngozi ikauma, na sikujua tena kama ninachogusa ni uvimbe au ni maumivu ya vidole vyangu. Kila asubuhi mume wangu alinisimamisha mlangoni, juani, akanivuta kope kwa kidole gumba atazame kama manjano imerudi.

"Nyeupe," alisema.

"Nyeupe kabisa?"

"Nyeupe, Mama wa watoto. Kula."

Siku nyingine aliachia kope tu, akaenda kuwasha moto, na mimi nilijua ni manjano.

Dawa iliyopunguzwa nilipewa mara kadhaa. Siku moja daktari alinigusa titi kwa muda mrefu, akamwita mwenzake naye aguse. Nilifumba macho.

"Uvimbe umepungua," alisema. "Sasa tunaweza kukata."

Mume wangu alikaa chini pale pale, kwenye saruji, akacheka bila sauti.

Walinikata titi mwanzo wa kiangazi. Niko hai, nalima mboga nyuma ya nyumba. Lakini bado wananiita kupima ini, na ninapoona daktari ameshika karatasi ya majibu, namgeukia mume wangu, najivuta kope, atazame.